Mshike Mikono

Tarehe 2 Machi

Mume wangu,

Tangu wakupakie kwenye gari la wagonjwa na kukupeleka kwenye hicho kituo cha mazoezi, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Wiki zote zile ulizolala kwenye chumba cha mahututi mimi nilikuwa nalala kwenye benchi la ukumbini kama abiria aliyeachwa na gari. Nilikuwa najiambia, siku nikirudi kwenye kitanda changu nitalala mpaka nichoke. Sasa kitanda ninacho, usingizi ndio umenikimbia.

Wauguzi waliniambia nisikupigie simu. Walisema lile tundu walilokutoboa kooni ili mashine ikupumulie bado halijaziba, sauti haitoki, na ukilazimisha utajiumiza. Na kweli, simu gani hiyo ya mtu mmoja kusema na mwingine kupumua tu? Halafu wakasema mtaalamu wa mazoezi anataka uandike barua, kwa sababu kushika kalamu ni mazoezi ya vidole. Haya basi, tuandikiane kama wakati wa uchumba. Ila safari hii usinitilie chumvi kama zile barua zako za zamani, eti huli, hulali, unaniwaza mimi, kumbe ulikuwa unakula kwa dada yako mpaka sufuria inalia.

Mpaka leo siamini. Homa ya mapafu tu. Uliingia hospitali kwa miguu yako, unakohoa, unanitania kwamba nimekusindikiza kama bibi harusi. Ukatoka umelala chali, fundi mzima wa vigae, huwezi kuinua kijiko. Wenzako wa kazini walikuja kuuliza utarudi lini. Nikawaambia mwacheni kwanza ajifunze kukaa.

Watoto hawajambo. Binti yako mkubwa anajifanya mama mwenye nyumba, ananikaripia nikichelewa kutoka kazini. Mdogo anakutafuta bado, anafungua mlango wa chumbani, anachungulia, anafunga.

Mwisho wa mwezi nitakuja kukuona. Msimamizi wetu pale kwenye chumba cha kufulia hotelini amenikubalia ruhusa, na huyo unamjua, hacheki hata akitekenywa. Niambie nikuletee nini.

Mkeo

*

Tarehe 9 Machi

Mama watoto,

Barua imefika. Mkono hauna nguvu. Usije. Wasalimu watoto.

Baba yao

*

Tarehe 15 Machi

Mume wangu,

Loo! Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia mume wangu ameandika. Akasoma, akasema, "Mbona fupi?" Nikamwambia wewe nawe, mwezi uliopita alikuwa hawezi kukunja kidole, unataka akuandikie gazeti? Herufi zimelala kama zimelewa, lakini ni zako, ile "m" yako yenye mkia.

Umesema nisije. Najua kwa nini, usinifiche. Muuguzi aliniambia kwamba nywele zinapukutika baada ya ugonjwa kama huo, mwili unaisha, makalio yanabaki mifupa. Unaona haya. Haya ya nini na mimi? Mimi ndiye niliyekuosha, nikakugeuza upande huu na upande ule vidonda visikutoboe mgongo. Hakuna kitu chako nisichokijua.

Lakini sawa, sitakulazimisha. Nitamwambia msimamizi ruhusa yake abaki nayo. Siku ukijisikia, niite, nitakuja hata kwa kuning'inia nyuma ya lori.

Kula vizuri. Fanya wanachokwambia.

Mkeo

*

Tarehe 23 Machi

Dada,

Barua hii nimeianza tangu mwanzo wa wiki. Naandika mistari michache, vidole vinakufa ganzi, naacha. Usishangae mwandiko ukibadilika njiani.

Kuna mtu hapa tunamwita Bwana Tena, maana neno lake ni moja tu. Unajitahidi kukaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, jasho jembamba linakutoka kana kwamba umebeba saruji ghorofani, unaanguka upande kama gunia. Anakunyanyua kwa mkanda aliokufunga kiunoni, anasema, "Tena." Unapuliza mrija ndani ya chupa ya maji ili mapafu yafunguke, kifua kinawaka moto, anakutazama, "Tena." Jana wamenifunga kwenye meza inayoinuka taratibu mpaka nikawa wima. Nilipoona sakafu iko mbali chini yangu nililia mbele za watu. Wala sikuona aibu. Kitanda cha pili alikuwepo dereva wa lori, mtu mnene, mcheshi. Alichoka, akageukia ukutani, akasema hafanyi tena zoezi lolote. Magoti yakakaza yamekunjika. Wiki hii wamemrudisha kwao hivyo hivyo, amekunjamana. Alinipungia mkono, mimi sikuweza kumpungia.

Sasa Dada, kaa chini. Nina jambo, na sijamwambia mtu.

Mnadhani kule kwenye chumba cha mahututi nilikuwa nimelala. Sikulala. Niliona. Walinihamishia kwenye ghala moja refu, taa hazizimwi, watu wanapita wakinong'ona kuhusu mimi. Juu ya mlango pana kigae kimoja kimebandikwa kimepinda. Nilikitazama sana kile kigae. Ndipo nikajua si ndoto, kwa sababu hakuna fundi anayeota kazi mbovu ya mwenzake. Wakaja watu wawili wenye nguo za kijani kuniziba koo. Nikapigana nao. Mmoja akapiga kelele, "Mshike mikono!" Na aliyekuja kunishika, Dada, ni mke wangu. Alikuwa na blauzi yake ya njano ya vifungo vyeupe. Akanilalia kifuani kwa uzito wake wote, akanibana mikono kwenye chuma cha kitanda, wale wakanisokomezea kitu kooni mpaka nikafa. Mimi nilikufa, Dada. Nilimtazama usoni wakati nakufa. Alikuwa amekenua meno. Alikuwa anacheka.

Walikuwa wamekubaliana naye. Kwa nini, sijui. Najua nilichoona.

Anaandika barua za mapenzi na utani. Nikiuona mwandiko wake koo linanibana, muuguzi anakuja mbio. Wewe ni karani wa mahakama, maisha yako yote umesikiliza watu wakiulizwa. Muulize. Lakini usimwonyeshe unakoelekea.

Kitinda wenu

*

Tarehe 30 Machi

Wifi,

Salamu. Unanijua mimi na simu hatupatani. Neno la simu kila mtu hulikumbuka anavyotaka, la kuandikwa linabaki lilivyo.

Kitinda mimba wetu ameniandikia. Nina maswali machache, nijibu kwa ufupi na kwa ukweli. Je, kwenye kile chumba alicholazwa, juu ya mlango pana kigae kilichopinda? Je, iko siku uliingia mle umevaa blauzi ya njano yenye vifungo vyeupe? Na siku hiyo, ulimshika mikono?

Sababu ya kuuliza nitakwambia baadaye.

Wifi yako

*

Tarehe 5 Aprili

Wifi yangu,

Barua yako imenitoa machozi ya furaha, nimeshindwa hata kupiga pasi shuka za watu! Amekumbuka! Daktari aliniambia huenda asikumbuke chochote, huenda akili ikarudi nusu. Na wewe unaniuliza kama mwendesha mashtaka, "Je, pana kigae?" Wifi, nawe! Unataka kuhakikisha akili za mdogo wako zimetimia, si ndiyo? Basi zimetimia.

Kigae kipo. Mimi mwenyewe nilikiona siku ya kwanza nikawaambia wauguzi, huyu akizinduka jambo la kwanza atalalamikia hicho. Blauzi ya njano ndiyo, niliivaa siku ile, na haikunifaa tena, ilipata damu kidogo kwenye mkono na haikutoka hata mimi dobi nilivyoifikicha. Na mikono nilimshika, kwa nguvu zangu zote. Waliniita mimi kwa sababu wao walikuwa wachache, na muuguzi alinitazama mikono akasema huyu dobi anaweza. Nilimbana hakutikisika. Baadaye daktari akanitania kwamba nikikosa kazi hotelini nimtafute.

Kama amekusimulia siku ile basi sina haja ya kurudia, bado nikiiwaza natetemeka. Mwambie mke wake anamsalimu sana, na ile mikono bado ninayo.

Wifi yako mpenzi

*

Tarehe 12 Aprili

Wewe,

Nimesoma majibu yako mara nyingi kuliko nilivyotaka. Kigae, ndiyo. Blauzi, ndiyo. Kumbana mikono, ndiyo, na kicheko juu yake. Unajisifu.

Mdogo wangu anasema aliona watu wawili wenye nguo za kijani wakimziba koo, na wewe umemlalia kifuani unacheka mpaka akakata roho. Nilitaka kusema ni homa. Nilitaka sana. Lakini kila nilichokuuliza umekiri kwa mkono wako mwenyewe. Ukweli wa kilichofanyika mle sijaujua, ila sasa najua kwa nini hataki uje. Nawe ulidhani ni kwa sababu ya nywele!

Usimwandikie tena. Barua zako zinamtia mshtuko, wauguzi wanakimbizana.

*

Tarehe 17 Aprili

Wifi,

Nimekaa na barua yako siku mbili sijui niishike wapi. Nitakuandikia pole pole, maana nikiandika kwa hasira nitakutukana na sitaki.

Siku ile mdogo wako alichomoa mpira wa kupumulia. Alizinduka nusu, akawa haelewi yuko wapi, akaushika akauvuta wote ukatoka na damu. Mimi nilikuwa mlangoni, ndiyo kwanza nimefika. Rangi yake ilibadilika mbele ya macho yangu. Daktari na muuguzi mmoja wa kiume, hao ndio watu wako wa kijani, walitaka kuurudisha, naye anapigana kufa na kupona, anapiga ngumi, na zamu ile hapakuwa na mtu wa tatu. Ndipo daktari akapiga kelele, mshike mikono. Nikamshika. Ningefanya nini, wifi? Nikamlalia. Nikamwambia sikioni, tulia baba, tulia, ni mimi. Nilikuwa nalia kwa meno yote. Wewe hujawahi kuona mtu anayelia huku anatumia nguvu? Uso unakuwaje?

Kama nisingemshika leo ungekuwa unaniandikia rambirambi.

Sikukusimulia kwa sababu uko mbali na una presha, nikaona ya nini kukutia hofu kwa jambo lililokwisha. Na ulipouliza nikadhani yeye amekusimulia jinsi ilivyokuwa. Nikafurahi kama mjinga. Nikakuandikia utani.

Unajua kinachoniuma? Si wewe. Wewe ni dada yake, una haki ya kumlinda. Kinachoniuma ni kwamba amekaa na jambo hilo peke yake miezi hii yote. Kila siku mtu analala na kuamka akiamini mkewe alimuua.

Mpigie muuguzi mkuu wa kile chumba. Hata kama hupatani na simu.

Mke wa ndugu yako

*

Tarehe 28 Aprili

Wifi yangu, nisamehe.

Nimepiga simu. Muuguzi mkuu ameithibitisha kila sentensi yako, na akaniongezea kitu ambacho hukukisema: kwamba baada ya pale ulitapika ukumbini, ukaosha uso, ukarudi kukaa naye. Ameniambia pia kwamba wengi wanaotoka mle hutoka na picha za namna hiyo. Dawa, homa, kukosa usingizi, mwanga usiozimwa. Mmoja aliamini wauguzi wanamlisha vioo. Miaka yote hii mahakamani, nimewaona mawakili wangapi wakimnasa mtu kwa maswali ya ndiyo na hapana, nikawadharau. Nami nimekufanyia hivyo hivyo.

Jumamosi nikafunga safari nikaenda kituoni nimwambie. Sikumwambia. Ngoja nikueleze kwa nini kabla hujaninunia upya.

Nilimkuta katikati ya mabomba mawili ya kushikilia, mtaalamu wake wanayemwita Bwana Tena yuko nyuma ameshika mkanda. Alikuwa anatembea, wifi. Goti linatetemeka, kichwa hakina nywele, shingo imekuwa kama ya kuku, lakini anatembea. Wagonjwa wenzake wamekata tamaa, wengine wanalia kila wakiitwa, yeye anaingia wa kwanza anatoka wa mwisho. Bwana Tena anamsifu, anasema hajui anapata wapi moyo ule. Mimi nikajua. Alipokaa aliniandikia kwenye karatasi, maana sauti bado ni ya kukwaruza: "Nitaingia nyumbani kwangu kwa miguu yangu, nimtoe yule mwanamke. Kila hatua nasema hilo."

Nikaogopa. Nikamkumbuka yule dereva wa lori wa kitanda cha pili aliyenisimulia, aliyeacha mazoezi akarudishwa kwao amekunjika. Nikimwondolea hasira hii, atashika nini? Nimerudi na ukweli wako mfukoni. Wewe ndiye mwenye kukosewa. Sema, nifanye nini?

Wifi yako

*

Tarehe 3 Mei

Wifi,

Usimwambie.

Nimelia, nimemaliza. Mwache anichukie, almradi asimame. Ugomvi wa mtu na mkewe unazungumzika akiwa na miguu. Akikunjika kitandani na magoti yake yamekaza, nitamwambia ukweli ili iweje? Tutakaa tunatazamana wote wawili na ukweli wetu?

Nimemjua mtu huyu tangu ana sharubu tatu. Hasira zake ni za moto wa karatasi. Siku akifika hapa, akiniona, akiwaona watoto, ukimsomea maneno ya muuguzi, ataona haya mpaka ajifiche jikoni. Nitamtesa kwa utani miaka kumi. Wewe subiri mpaka aruhusiwe, mwambie siku hiyo.

Na mtaalamu wake usimwambie kitu. Asije akaingilia, tukaharibu kinachokwenda vizuri.

Wifi yako

*

Tarehe 20 Juni

Dada,

Leo nimepanda ngazi. Nimeshuka pia, na kushuka ndiko kugumu. Tundu la koo limeziba, nina sauti kama ya jogoo mwenye mafua, wagonjwa wenzangu wananiomba niwaamshe alfajiri. Mguu wa kushoto bado unaburuta kidogo nikichoka. Bwana Tena anasema kazi ya kupiga magoti siku nzima nisahau kwanza, lakini kutembea nitatembea.

Ananiuliza siri yangu awafundishe wengine. Nikamwambia nina mtu ninayemtazama mbele yangu. Akasema hongera, mkeo ana bahati.

Nimemwona yule mwanamke kila siku, Dada. Nikichoka namwita. Anakuja na blauzi yake, ananilalia, nami nanyanyuka. Sasa hata nisipomwita anakuja.

Wananiruhusu wiki ya kwanza ya Julai. Njoo unichukue. Nataka uwe shahidi.

Kitinda wenu

*

Tarehe 11 Julai

Mama,

Hunijui. Mimi ndiye niliyemfanyisha mumeo mazoezi. Nadhani ananiita jina fulani, wote wananiita.

Dada yake alifika kumchukua, akatukalisha mimi na mumeo, akamweleza kila kitu. Akampa simu akaongea na muuguzi mwenyewe. Mumeo alisikiliza hadi mwisho. Akauliza maswali ya mtu mwenye akili timamu. Kisha akalia kwa muda mrefu, akasema, "Basi aliniokoa." Dada yake akashukuru Mungu, akadhani yamekwisha. Mimi nilikuwa nimemshika mgongo, nikihisi jinsi anavyopumua. Hayajakwisha.

Nitakwambia kweli, na unisamehe, mimi si mtu wa maneno laini. Mngeniambia Aprili. Hapa hatufanyi mazoezi ya miguu peke yake. Hizo picha za kule chumbani tunazijua, tunazishughulikia mapema, tunamrudisha mtu hata kwenye chumba chenyewe akakione kikiwa kitupu. Mwili hushika kile unachorudia. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, sina uchawi mwingine. Mimi nilimwambia arudie hatua, naye kwa kila hatua alirudia kwamba wewe ni muuaji wake. Miezi yote hiyo. Nikimsifu.

Najilaumu mimi pia. Nilimwona anatembea, sikumuuliza kwa nini.

Kwa sasa yuko kwa dada yake siku chache; akifika nyumbani, usimsogelee kwa ghafla. Usimshike mikono, hata kwa upendo. Mwache aanze yeye. Huko kwenu hospitalini yupo mshauri, nimemwandikia, mpeleke. Huenda ikachukua muda mrefu sana. Huenda isiishe.

Mtaalamu wa mazoezi

*

Tarehe 2 Agosti

Mke wangu,

Nipo kwa mwenzangu wa vigae, chumba cha uani. Nakuandikia kwa sababu kwenye karatasi naweza kuwa karibu nawe bila kukudhuru.

Sijui shingo yako inaendeleaje. Naogopa kuuliza na naogopa kutouliza.

Siku zile za kwanza ulifanya yote uliyoambiwa. Ulisimama mbali. Uliweka chai mezani ukaondoka kabla sijaketi. Nilikuona unavyonitazama kutoka mlango wa jikoni, nikawa najiambia, ona mwanamke huyu, ona alivyokonda kwa ajili yako, mjinga we. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nataka nikuite. Nilikuwa najipanga, kesho nitamgusa bega.

Halafu nikateleza bafuni. Nawe ukafanya kama ambavyo mtu yeyote angefanya, ukaruka ukanidaka mikono nisianguke. Nakumbuka nilifikiri, ni mke wangu, ananiokoa. Nililifikiri hilo kwa maneno kamili. Na wakati nafikiri hivyo mikono yangu ilikuwa tayari shingoni mwako.

Binti yetu alipiga kelele ndiyo nikaachia. Ulikuwa umeegemea ukuta unatafuta pumzi. Naijua ile hali ya kutafuta pumzi, nami ndiye niliyekutia ndani yake. Ukaniambia, "Hukukusudia." Ulikuwa huna hata sauti, ukanitetea.

Nikatoka. Nilitembea mpaka hapa kwa miguu yangu, bila fimbo, bila kupumzika.

Najua hukunikosea. Nimeelezwa, nimeelewa, nimeamini, hata leo nikiapishwa nitasema hivyo. Lakini jana ulipita barabarani ukitoka kazini, hukuniona, nikasikia tu viatu vyako, na koo likafunga mpaka mwenzangu akaniinamisha mbele ya dirisha. Mshauri wa hospitali nimemwona. Anasema pole pole. Nikamuuliza pole pole ni lini, akasema hajui.

Sirudi. Siwezi kulala nyumba moja nawe nikiwa na mikono hii. Siku utakayosinzia mapema, utakayojisahau ukanigeuza, watoto wataamka wakukute vipi?

Nakupenda. Sijui nilifanyie nini neno hilo.

Mumeo

*

Tarehe 9 Agosti

Mume wangu,

Shingo imepona. Nilivaa mtandio wiki nzima kazini, nikasema nina mafua.

Nina hasira na wewe. Acha niseme, maana kila mtu ananiambia nielewe, nami nimechoka kuelewa. Nina hasira na daktari aliyekosa mtu wa tatu. Nina hasira na dada yako na maswali yake. Zaidi nina hasira na mimi, niliyesema asiambiwe. Nilitaka usimame, na umesimama. Mjini wananipongeza: mumeo tumemwona anatembea, Mungu mkubwa. Nasema ahsante.

Sitakubembeleza urudi. Nilikuona machoni pale bafuni. Hukuwa wewe, na wewe ulikuwepo.

Lakini watoto wanakutaka, na mdogo ameanza tena kufungua mlango wa chumbani na kuchungulia. Kwa hiyo nimepanga hivi. Jumapili asubuhi, wakimaliza kunywa chai, mimi nitatoka. Nitapita njia ya nyuma ili usinisikie. Wewe ingia kwa mlango wa mbele, ukae nao mpaka jioni. Chakula kitakuwa jikoni, pasha mwenyewe. Binti atakusaidia, ila usimwache abebe sufuria ya moto. Bomba la bafuni linavuja, kama mkono wako unaweza kukaza spana, likaze.

Mimi nitakaa kanisani, nikichoka nitakaa kwa jirani wa ng'ambo. Kutoka kwake naliona dirisha letu la mbele. Ukiondoka liache wazi, nijue umetoka, nirudi kwangu.

Mkeo